Skana ya Nyumbani na Karatasi za Sandukuni



Katika nyumba za pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, aghalabu hapakosi sanduku la karatasi: hati ya shamba la minazi, cheti cha ndoa cha bibi, stakabadhi za kodi zilizotolewa na serikali iliyokwisha kuondoka zamani, barua za jamaa aliyehamia Maskati, na picha mbili tatu za watu waliosimama mbele ya pazia la studio, wamekaza macho. Unyevu wa bahari huzila karatasi hizo polepole, mchwa huzila kwa haraka, na wajukuu, wanapoombwa waziokoe, hutoa simu mfukoni, wakazitandaza kitandani chini ya taa, wakazipiga picha moja baada ya moja, kisha wakasema kazi imekwisha. Mimi leo nataka kuwaomba wajukuu hao, kwa taadhima, wasiridhike na kazi hiyo, na kuwaeleza jinsi mtu mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani kwake awezavyo kuweka kando yake skana ya kioo bapa, akaifahamu, na akaitumia ipasavyo.

Atakayeniuliza kwa nini tuhangaike na skana ilhali simu za siku hizi zina kamera kali kuliko kamera nyingi za zamani, nitamjibu kwamba ukali siubishi hata kidogo. Nisemalo ni kwamba skana hupima. Karatasi iliyolala juu ya kioo imenyooka, haikuinama upande wowote. Taa hupita chini yake kwa umbali ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pembe ya mbali ikapata mwanga sawa na pembe ya karibu. Na mashine huandika ndani ya faili ni nukta ngapi ilizozichukua katika kila inchi, hivi kwamba mtu aliyeko ng'ambo, asiyepata kuiona karatasi ya asili maisha yake, aweza kujua kwa hakika kuwa sahihi ile ina urefu wa sentimita nne wala si sita. Ramani ya kiwanja ikipigwa kwa simu hutoka na pembe nne zisizolingana, na mpima ardhi akikabidhiwa huirudisha. Ramani ile ile ikipita katika skana, mistari yake hukaa katika vipimo vyake.

Wala si ajabu, kwa kuwa picha ya kwanza kupata kuingizwa katika kompyuta kwa njia hii ilitoka katika nyumba ya vipimo. Mwaka 1957 Russell Kirsch, mhandisi wa ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia viwango na vipimo vya nchi nzima, aliizungusha picha ya mwanawe Walden, kitoto cha miezi mitatu, juu ya silinda ndogo, akaifanya kompyuta iitwayo SEAC iisome nukta baada ya nukta. Picha hiyo ilikuwa na ukubwa wa sentimita tano kwa tano, na nukta zake zilikuwa 176 kwa 176, yaani hazikufika 31,000 zote pamoja. Na kila nukta iliweza kuwa nyeusi au nyeupe tu, hata Kirsch akalazimika kuisoma picha mara kadhaa, kila mara akikibadilisha kiwango cha weusi, kisha akayachanganya matokeo ili apate kijivu cha shavu la mtoto. Jarida la Life, katika mwaka 2003, liliitia picha hiyo miongoni mwa picha mia moja zilizoubadili ulimwengu. Mzee Kirsch aliishi hadi mwaka 2020, na katika uzee wake alikiri hadharani kwamba alikuwa akijuta kuzifanya nukta zile kuwa za mraba.

Umbo tulijualo sisi, la sanduku bapa lenye kioo juu, lina historia inayonipendeza zaidi. Mwaka 1976 Mmarekani Ray Kurzweil alionyesha mashine aliyoitengeneza kwa ajili ya vipofu: asiyeona aliweka kitabu juu ya kioo, taa ikapita chini yake, herufi zikatambuliwa, na sauti ikayasoma maneno kwa kunena. Mwimbaji Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Kwa hivyo chombo hiki tunachokitumia kunakili vyeti vya shule kilikuja kwanza kama jicho la wasio na macho, na moyo wake ulikuwa kijipande cha silikoni chenye safu ya vijicho vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, kilichobuniwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell na Willard Boyle na George Smith, ambao walisubiri hadi mwaka 2009 ndipo wakashirikishwa katika tuzo ya Nobel.

Maarifa hayo ya asili yana faida dukani, kwa sababu skana zinazouzwa leo ni za aina mbili, na muuzaji aghalabu hataji tofauti yake. Aina ya kwanza ni nene na nzito. Ndani yake mna taa, vioo vya kuakisia, na lenzi inayoikusanya sura ya upana mzima wa karatasi, mstari baada ya mstari, na kuifinyia juu ya kile kijipande cha silikoni. Hii huona hata kitu kilichoinuka kidogo juu ya kioo: karatasi yenye makunyanzi, muhuri wa lakiri, sarafu, ukurasa ambao mshono wake haukubali kulala. Aina ya pili ni nyembamba, nyepesi, na hula umeme wake kwa waya ule ule wa USB unaoiunganisha na kompyuta; vijicho vyake vimepangwa upana mzima wa karatasi na hukaa karibu mno na kioo, kwa hiyo karatasi iliyolala bapa huiona vizuri kabisa, lakini kilichoinuka hata milimita chache hukiona kwa ukungu. Skana iliyo juu ya printa, ile ya pamoja, kwa kawaida ni ya aina hii ya pili. Ikiwa karatasi zako ni vyeti na barua zilizonyooka, nyembamba itakutosha na utabakiwa na fedha. Ikiwa ni hati za zamani zilizokunjwa mara nne na kukaa mikunjo miaka sitini, tafuta ile nene, hata iwe imetumika.

Anayenunua iliyotumika na atazame chini au ubavuni mwake, maana skana nyingi nene zina kufuli ndogo, yenye alama ya kufuli, inayokibana kichwa cha kusomea wakati wa safari kisigongegonge. Kufuli hiyo hufunguliwa kabla ya kutia umeme. Ukiisahau, utasikia mashine inakwaruza na kutetemeka, ukadhani umeuziwa kitu kibovu, kumbe imefungwa miguu. Na ukiiacha ijaribu muda mrefu, itakuwa kweli kitu kibovu. Siku ya kuhama nyumba, kufuli irudishwe.

Mahali pa kuiweka ni meza isiyotikisika, mbali na dirisha, kwa sababu jua kali likipenya ukingoni mwa kifuniko huacha wingu katika picha, na kwa sababu vumbi na chumvi ya bahari huingia kwa dirisha hilo hilo. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilichotiwa unyevu kidogo. Maji yasimwagwe wala dawa isipulizwe juu ya kioo chenyewe, kwani huchuruzika pembeni, yakaingia ndani, na ukungu ukajijenga upande wa chini usiofikika. Skana yenye taa ya zamani ipewe dakika chache ipate moto kabla ya kazi, maana rangi za mwanzo hutoka zimefifia. Yenye taa za LED haina haja ya kungojwa.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Waya kuuchomeka ni jambo la mtoto. Kinachowashinda watu wengi ni draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta lugha ya mashine uliyoileta. Kwa skana nyingi, hasa za miaka iliyopita, watengenezaji waliagiza draiva iwekwe kwanza, ndipo waya uchomekwe, na aliyeyageuza mambo alijipatia usumbufu. Pale utakapoulizwa uchague baina ya TWAIN na WIA, usitishike: zote mbili ni njia za programu kuzungumza na skana, ya kwanza ikiwa matunda ya mapatano ya makampuni mwaka 1992, ya pili ikiwa ya Windows yenyewe; na aghalabu ya kwanza hukufungulia marekebisho mengi zaidi. Lakini liko jambo linaloniudhi, nalo ni hili: Windows ikibadilika, mtengenezaji mara nyingi huacha kuandika draiva mpya kwa ajili ya skana zake za zamani, na mashine ambayo taa yake inawaka, kichwa chake kinatembea, na kioo chake hakina mkwaruzo, hutupwa jalalani kwa kukosa programu tu. Hiyo ni israfu. Kabla hujaitupa, jaribu programu iitwayo VueScan, ambayo Ed Hamrick ameiandika na kuiendeleza tangu miaka ya tisini kwa ajili ya maelfu ya skana, zikiwemo zilizoachwa na wenyewe. Nayo ni ya kununua. Au tafuta kijana mwenye kompyuta ya Linux, ambayo huja na programu ya bure iitwayo SANE, uone kama mashine yako imo katika orodha yake.

Mashine ikiitika, weka karatasi kifudifudi, pembe yake ikigusa alama iliyochorwa kwenye fremu ya kioo, na kama karatasi ni nyembamba hata maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, tia nyuma yake karatasi nyeusi. Kifuniko cheupe huurudisha mwanga, ukabeba maneno ya upande wa pili, ilhali weusi huumeza. Bonyeza kwanza kitufe cha kuonyesha awali, uchague eneo la karatasi, uache ukingo kidogo pande zote, ili atakayetazama aone kwamba hakuna kilichokatwa. Kisha zima yale marekebisho ambayo programu hupenda kuyafanya kwa hiari yake, ya kung'arisha, kunoa na kuondoa madoa, kwa sababu kilichoondolewa wakati wa kuskani hakirudi, na programu haiwezi kupambanua doa la chai na nukta ya herufi.

Hapo kwenye nukta ya herufi naomba nikae kidogo, maana ndipo sisi watu wa pwani tunapopata hasara ambayo miongozo iliyoandikwa ng'ambo haiitaji. Barua nyingi za masandukuni, za Kiarabu na za Kiswahili kwa pamoja, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na katika hati hiyo jino moja dogo la wino huweza kuwa be, te, the, nuni au ye, na kinachozitenga ni nukta tu, ngapi na juu au chini. Skana ina namna tatu za kuiona karatasi: rangi kamili, kijivu, na nyeusi kwa nyeupe. Katika namna hii ya tatu mashine hukata shauri kwa kila nukta, ama ni wino ama ni karatasi, hakuna baina. Na kwa kuwa wino wa zamani umefifia ukawa kahawia, na karatasi imeingiwa na madoa yaliyokuwa kahawia vile vile, mashine huzifuta nukta zilizopauka na kuzizalisha mpya mahali palipo doa. Barua inabaki, inapendeza, imekuwa safi kuliko asili yake, na haisomeki. Au, jambo baya zaidi, inasomeka vingine, jina la mtu likawa jina la mtu mwingine katika hati ya mirathi. Namna ya nyeusi kwa nyeupe iliwekwa kwa ajili ya karatasi za taipu za ofisini, na huko na iachwe. Barua ya wino iskaniwe kwa rangi kamili, hata kama macho yako hayaoni rangi ndani yake.

Swali la pili ni nukta ngapi kwa inchi, nalo lina majibu mafupi. Kwa karatasi ya taipu au ya kuchapwa, 300. Kwa barua ya mkono na kwa picha za kawaida, 600. Kwa picha ndogo ya pasipoti ambayo ndiyo sura pekee iliyobaki ya babu, 1200, kwani ikiwa na sentimita tatu na nusu kwa nne na nusu itakupa nukta takriban 1,650 kwa 2,130, zinazotosha kuikuza vizuri. Kupita hapo ni kukuza chembechembe za karatasi ya picha. Makampuni huandika juu ya boksi idadi kubwa sana, lakini nyingine ni za kukisia, kompyuta ikiwa imejitungia nukta za kujaza baina ya nukta zilizoonwa kweli. Na ukikuta idadi mbili, mathalani 2400 kwa 4800, iliyo ndogo ndiyo inayotokana na vijicho vyenyewe, na iliyo kubwa ni hatua za kichwa kinavyotembea. Tena nukta zina gharama yake. Karatasi ya A4 kwa 300 ina nukta milioni 8.7, na kwa rangi kamili huwa megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa 600 hesabu huzidi mara nne, ikawa megabaiti 104, kwa kuwa umeongeza urefu na upana pamoja.

Ndiyo sababu duka la steshenari hukupa kitu kingine kabisa. Kijana wa dukani, naye hana lawama, amezoea wateja wanaotaka PDF jepesi la kuambatanisha na maombi ya kazi, kwa hiyo skana yake imepangwa nukta chache, nyeusi kwa nyeupe, na kubanwa barabara. Kwa maombi ya kazi ni sawa, kwa wasia wa babu siyo. Nao wasia huo, zingatia, umebaki ndani ya kompyuta yake, na flashi yako imerudi nyumbani na virusi.

Kuhusu aina ya faili, hifadhi nakala kuu katika TIFF, isiyotupa chochote, kisha utengeneze JPEG au PDF ya kupelekea ndugu. JPEG hupunguza uzito kwa kutupa yale isiyoyaona kuwa na maana, na kila unapoifungua, ukairekebisha na kuihifadhi upya, hutupa tena, hata pembezoni mwa herufi pakaota vivuli. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo maelezo, maana kompyuta hupanga kwa kufuata herufi za mwanzo, na barua za mwaka mmoja zitakaa pamoja bila ya kuhangaishwa. Jina la “skani mpya 7” halitamfaa mtu yeyote, hata wewe mwenyewe mwakani.

Kurasa za taipu zinaweza kugeuzwa kuwa maandishi yanayotafutika kwa programu ya bure iitwayo Tesseract, ambayo ilianzia katika maabara za kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya themanini, ikaachiwa umma mwaka 2005, na Kiswahili kimo katika lugha inazozijua. Matokeo yake yapitiwe na jicho la mtu. Hati za mkono za herufi za Kiarabu zadai msomaji aliyesoma chuoni, na wasomaji hao wangali wapo. Wapelekewe nakala wakiwa hai.

Vitabu visiwekwe kwenye skana. Msahafu au kitabu cha maulidi kilichoshonwa kwa mkono, ukikigeuza kifudifudi na kukigandamiza kwa kifuniko ili mgongo ulale, utakuwa umekivunja kwa nia njema. Vitabu vya namna hiyo hupigwa picha kwa kamera iliyotundikwa juu, kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu na kuegemezwa, kwa utaratibu unaofuatwa na maktaba zinazojua thamani yake. Na si maktaba za mbali tu zinazoshughulika na mambo hayo, kwani vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimepata kunakiliwa kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Albamu za picha zenye gundi nazo zina hatari yake: picha iliyogandamana na ukurasa isibanduliwe kwa nguvu, bali ukurasa mzima uskaniwe kama ulivyo. Na picha iliyokatwa gazetini itatoka na mawimbi ya ajabu, kwa kuwa gazeti lenyewe limechapwa kwa vitone, na vitone vyake vinagombana na nukta za skana; katika programu nyingi mna kitufe cha kuyaondoa mawimbi hayo, nacho ndicho rekebisho la pekee ninaloruhusu liwashwe.

Kazi ikiisha, nakala ziwe mbili kwa uchache, moja katika diski nyumbani, moja nje ya nyumba, kwa ndugu wa mji mwingine au katika hifadhi ya mtandaoni. Na karatasi zenyewe zirudi sandukuni, zikiwa zimetiwa bahasha safi, kwa sababu hakuna ofisi ya ardhi itakayokukabidhi shamba kwa kuonyeshwa faili. Kabla hujazirudisha, zigeuze. Nyuma ya picha za studio mara nyingi mna muhuri wa mpigaji, na kwa penseli mna jina, au mwezi na mwaka, au neno la salamu kwa mtu fulani. Upande huo nao uskaniwe, kwa nukta zile zile, na faili lake liitwe jina lile lile na kuongezwa neno “nyuma”.

Negativu za filamu sikuzitaja, kwani zinahitaji skana yenye taa ya pili ndani ya kifuniko, na taratibu zake ni nyingine. Hizo, panapo majaliwa, tutazizungumza juma lijalo, saa hii hii.